Barafu ya Chumvi Mpaka Marafa

Niseme mapema, nyinyi mliobaki nyumbani, msije mkadhani nimerogwa: mimi sikutaka kwenda kulala hemani. Nina nyumba Barani, hapa Malindi, nyumba ya mawe, ina paa, ina kitanda cha mninga na chandarua kisicho na tundu. Mtu mwenye nyumba akaiacha, akaenda kulala chini juu ya mkeka wa plastiki, na petroli ya kumpeleka huko akainunua yeye mwenyewe, sijui nimwite nani. Zamani aliyelala porini alikuwa mchoma makaa, au mume aliyefukuzwa na mkewe. Siku hizi ati ni starehe, na watu wanapigana picha.

Nilikwenda kwa sababu ya mke wangu, Bi Fatuma. Ana sukari, ile ya sindano, moja asubuhi kabla ya chai na moja jioni kabla ya chakula. Dawa yenyewe imo katika kichupa kisichozidi kidole gumba, na hukaa mlangoni mwa friji kwa sababu joto huiharibu. Tangu aanze sindano, miaka sita sasa, alikuwa hajasafiri akalala nje ya nyumba yetu hata siku moja. Amezaliwa Malindi, amezeeka Malindi, na Marafa, ambako Wazungu hupanda ndege kuja kukutazama, alikuwa hajawahi kukutia machoni. Basi jirani yetu Mwalimu Mutua alipokuja kusema kwamba likizo hii yeye na mkewe wanakwenda kupiga kambi Marafa siku tatu, na gari lina nafasi, Fatuma alinitazama tu. Baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa, mwanamke hana haja ya maneno mengi.

"Na dawa?" nikamwuliza.

"Si wewe ndiye Omari Barafu?" akasema.

Hapo alinishika pabaya. Mjini wananiita Omari Barafu, na si jina la mzaha. Nimefanya kazi miaka ishirini na sita katika stoo ya samaki karibu na ufuo, na kazi yangu ilikuwa moja: kupanga barafu. Wavuvi walileta, wachuuzi walichukua, na katikati yao nilisimama mimi. Nimesafirisha nguru mpaka Nairobi, wakafika macho maangavu na matamvua mekundu, mnunuzi akauliza kama wamevuliwa mtoni Athi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba atashindwa na kichupa. Nikamwambia mke wangu afunge nguo zake, dawa itafika Marafa baridi kuliko ilivyo jikoni kwake.

Alhamisi jioni Mutua alinionyesha kasha lake la baridi. Kasha la bluu, lina magurudumu mawili na mkono wa kuvutia, kama mzigo wa anayekwenda kuhiji. Alilinunua Nairobi na alikuwa akilipangusa kwa kitambaa. Barafu ya maana hakuwa nayo; alikuwa amegandisha chupa sita za maji ya kunywa, za plastiki, katika friji la nyumbani.

"Zikiyeyuka tunakunywa, mzee," akanieleza. "Hakuna kinachopotea."

Mutua ni mtu wa Machakos, anafundisha darasa la tano, na kwa miaka kumi na mitano aliyokaa Barani hajajifunza kubishana. Nikamwuliza kama kasha hilo ni la kambi au ni la mtoto wa chekechea kubebea uji. Akacheka.

"Akili ni nywele, mzee. Kila mtu na zake."

Mimi kichwa changu kina upara, na nadhani alilijua hilo aliposema. Nikaenda zangu kutafuta chombo cha wanaume.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nilipanga mzigo. Chombo changu ni friji bovu. Pwani hii friji likifa halitupwi. Linalazwa chali, mlango unakuwa kifuniko, na linaanza maisha mapya ya kubeba barafu, yenye faida kuliko yale ya kwanza. Langu nililipata stoo siku niliyostaafu. Chini niliweka gunia na maranda ya mbao. Juu yake barafu, mabonge niliyoyavunja mwenyewe kwa nyundo, na juu ya barafu chumvi ya mawe ya Gongoni.

Hiyo chumvi ndiyo siri ya kazi, na ndiyo wasiyoijua watu wa makasha ya magurudumu. Barafu tupu ni ya wauza juisi. Barafu ya samaki hutiwa konzi moja ya chumvi kila tabaka, na chumvi ikishaingia, barafu inauma. Ukitumbukiza mkono humo ukahesabu mpaka thelathini, hujui tena vidole ni vyako au ni vya jirani. Nikapanga tabaka, chumvi, tabaka, chumvi. Nikalaza soda ishirini na nne za chupa, na chupa nne za juisi ya ukwaju. Katikati nikamlaza nguru mmoja mzima, nimemtumbua na kumwosha mwenyewe.

Fatuma akaniletea kichupa chake ndani ya mfuko wa nailoni. Nikakifunga mara tatu, nikakisukuma tumboni mwa nguru, nikashindilia barafu juu yake.

"Tumboni mwa samaki?" akauliza.

"Hakuna mahali pa baridi kuliko hapo. Samaki huanza kuoza tumboni, kwa hiyo tumbo ndilo tunalolilinda kwanza."

"Baridi kiasi gani?"

"Ya kutosha."

Akanitazama, akalitazama friji, akaingia ndani kutafuta leso yake. Nilidhani ameridhika.

Saa mbili asubuhi tuliondoka. Friji lilinyanyuliwa na wanaume wanne, na pikapu ya Mutua ikashuka nyuma hata akapiga magoti kutazama magurudumu. Mkewe, Mama Kioko, aliketi mbele na Fatuma. Mimi nikaketi nyuma pamoja na mizigo, kwa hiari yangu, kulinda kamba. Kasha la bluu lilikuwa pembeni yangu limefunikwa blanketi mbichi, na kila tulipopita kwenye tuta lilinigonga goti.

Kwenye daraja la Sabaki maji yalikuwa mekundu kama kawaida yake. Hapo nikaona friji langu limeanza kutoa machozi; maji ya chumvi yalikuwa yakitiririka juu ya bodi ya gari na kudondoka barabarani. Mutua naye aliyaona kwenye kioo. Akasimamisha gari, akaja nyuma akauliza kwa adabu kama hayo maji ni ya chumvi.

"Ni ya chumvi," nikamwambia.

"Kutu, mzee."

"Mwalimu, gari lisilotaka kutu lirudi Machakos. Huku hata watu wana kutu."

Akachukua kitambaa, akafuta alipoweza, akarudi kwenye usukani. Nilimwona mnyonge. Nilikuwa nikimwona mnyonge njia nzima, na nilimwambia hivyo kupitia dirisha la nyuma, kwa namna mbalimbali, mpaka tulipopita Mambrui na kuiacha barabara ya lami nzuri.

Marikebuni tulisimama dukani, joto limeshapanda. Soda zangu sikutaka kuzigusa kabla ya kufika, maana friji ukilifungua njiani umeliua. Mwenye duka, kijana mwenye kofia ya sufi katika joto lile, akatuuliza swali la nchi nzima: "Baridi au moto?" Mimi neno hilo huniudhi tangu utoto. Soda haijaona jiko wala jua, imekaa kivulini kwenye kreti yake, nasi tunaiita moto. Nikamwambia baridi. Akafungua friji refu lenye kioo, la kampuni, akanipa chupa ambayo ningeweza kuogeshea mtoto mchanga.

"Hii ni baridi?"

"Imetoka ndani ya friji, mzee."

"Na umeme?"

"Umepotea tangu jana mchana. Lakini friji ni hilo hilo."

Basi ikawa kwake baridi ni mahali. Kitu kikiwa ndani ya friji ni baridi, kikiwa nje ni moto, na hali yenyewe haimhusu. Nilimtolea hotuba ndefu juu ya tofauti ya chombo na kazi ya chombo. Fatuma alisikiliza hotuba yote kutoka garini, kisha akaniambia nipande tuondoke.

Saa tano na nusu tulifika Marafa. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Kadzo, mjane Mgiriama ambaye boma lake liko hatua chache kutoka kwenye korongo, na wageni humlipa kidogo wapige hema chini ya mikorosho yake. Aliamkiana nasi vizuri, kisha akaliona friji limefungwa kamba likishushwa na vijana watano wa pale.

"Shikamoo, mzee. Mmekuja na maiti?"

"Marahaba, mama. Ni samaki na soda."

"Ndani ya friji? Kwangu hakuna umeme."

"Hili halihitaji umeme."

Akalizunguka mara mbili akitafuta waya. Nilifurahi. Mutua alikuwa akihangaika na vyuma vya hema, kipande cha tatu kikiingia mahali pa cha tano, karatasi ya maelezo imebanwa menoni. Kasha lake aliliweka chini ya mkorosho, akalimwagia maji juu ya blanketi, na kila jua liliposogea, naye alilisogeza. Nikamwuliza kama analipeleka kasha matembezi. Akasema kivuli ni bure.

Saa saba mchana nilifungua friji langu mbele ya watu wote, na hapo, nawaambieni, nilikuwa mfalme wa Marafa. Ukungu ulitoka. Soda zilikuwa nyeupe nje kwa baridi. Mama Kadzo alikunywa funda moja akashika shavu, akasema jino lake la nyuma linalia. Wale vijana watano walikunywa mpaka tone la mwisho. Chupa mbili za soda zilikuwa zimepasuka, na juisi ya ukwaju imekuwa jiwe, ikabidi tuivunje kwa mpini wa kisu na kuila kama sukari guru. Nikazionyesha zile chupa zilizopasuka kwa kila aliyepita, nikasema tazameni, barafu ya Omari inapasua chupa. Mutua alinywa maji yake kutoka kwenye chupa ya plastiki, bonge la barafu likiogelea ndani.

"Yana baridi ya kutosha?" nikamwuliza.

"Yananitosha, mzee."

Nikawaambia watu kwamba kuna wanaoridhika na kidogo. Walicheka, na mimi nikacheka kuliko wao.

Alasiri Mama Kadzo alitupeleka ukingoni mwa korongo. Wenyewe wanapaita Nyari, maana yake mahali palipobomoka penyewe, na kweli pamebomoka: ardhi imekatika ghafla, na chini zimesimama nguzo za udongo, nyekundu, nyeupe, za rangi ya chungwa. Akatusimulia kwamba zamani waliishi hapo watu matajiri wa ng'ombe, wakiringa hata wakawa wanaoga maziwa, mpaka Mungu akawazamisha. Weupe ule ni maziwa yao na wekundu ni damu. Nikamwambia Mama Kadzo kwamba kwa joto hili maziwa ya kuoga yangekuwa yamekatika kufika saa nne asubuhi; wale watu walioga mtindi, na adhabu ilikuwa harufu. Hakucheka. Fatuma hakunisikia hata kidogo. Alikuwa amesimama ukingoni, mikono kifuani, leso ikipepea, na uso wake sijauona hivyo kwa muda mrefu. Alikaa pale hadi jua likawa chini kabisa, na Mama Kioko akakaa naye.

Baada ya sala ya magharibi chakula kilikuwa karibu, wali wa nazi na mchicha. Nguru tulimweka kwa siku ya pili. Fatuma akaketi kwenye kiti cha kukunja, akafungua mkoba akatoa bomba lake la sindano na pamba, akaniambia kwa sauti yake ya kila jioni, "Baba Swaleh, niletee dawa." Swaleh ni mwanetu, yuko Mombasa.

Nikaenda kwenye friji na tochi na kisu. Nguru alikuwa mgumu kama ubao. Kidole changu hakikuingia tumboni mwake. Barafu niliyoshindilia ilikuwa imeshikana na nyama ikawa kitu kimoja. Nikakwangua, nikapiga kwa mpini, Mutua akaniletea maji ya uvuguvugu nikayamwaga polepole, mwishowe mfuko ukatoka. Nikafungua nailoni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dawa iliyokuwamo kichupani ilikuwa jiwe jeupe, imeganda yote. Nawaambieni ukweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni fahari. Nilikipeleka kwake nimekishika juu.

Alikipokea, akakigeuza mbele ya taa.

"Imeganda," akasema.

"Itayeyuka. Dakika kumi."

Nikakitia kwapani. Dakika kumi zikapita, ikayeyuka kweli, nikampa. Lakini haikuwa dawa niliyoizoea. Huwa nyeupe laini, sare. Hii ilikuwa na vipande vipande vilivyong'ang'ania kioo, kama maziwa yaliyokatika.

"Tikisa," nikamwambia.

"Hii haidungwi."

"Samaki mzima anaganda na anayeyuka na tunamla. Hiki kichupa kina nini?"

Akakiweka chini karibu na mguu wa kiti. "Baba Swaleh, siku ile kliniki, nesi alisema tuiweke vipi?"

"Alisema baridi."

"Na baada ya kusema baridi alisema nini?"

Sikukumbuka. Nilimkumbuka nesi, msichana mdogo, na nilikumbuka kwamba alipotaja tu baridi nilimweleza kazi yangu, na jinsi nguru anavyopangwa, na nikamweleza kwa kirefu kwa sababu alionekana hajui. Aliyoyasema mwishoni aliyasema mimi nikiwa naongea.

"Alisema baridi, lakini isigande," Fatuma akasema. "Ikigandishwa imekufa, hata ikiyeyuka imekufa. Alisema mara mbili."

Niliogopa. Nimeshawahi kumwona Fatuma akiwa amekosa sindano siku mbili, mwaka ule wa kwanza dawa ilipoadimika mjini. Niliona midomo ilivyomkauka, alivyokunywa maji asishibe, alivyopumua mwishoni kabla hatujafika hospitali. Nikawaza barabara tuliyokuja nayo, na giza, na friji la watu wanne la kupandisha garini, kisha nikajitukana kwa kuliwaza friji. Nikamwita Mutua kwa sauti niliyoisikia mimi mwenyewe kwamba si yangu. Nikamwambia mwalimu, washa gari, turudi Malindi sasa hivi, acha vitu vyote hapa.

Mutua akasimama. Lakini hakushika ufunguo, alimtazama mkewe. Mama Kioko alikuwa akipakua wali. Akaweka mwiko chini, akaenda kwenye kasha la bluu, akatoa juu ya zile chupa za maji kikopo cha plastiki kilichoviringishwa taulo ya jikoni. Akamletea Fatuma mkononi. Ndani mlikuwa na kichupa kingine, kizima, dawa yake laini kama inavyotakiwa.

Fatuma akakiviringisha polepole baina ya viganja, akavuta dawa, akajidunga pajani chini ya leso, akabana pamba. Kisha akangoja nusu saa yake kama nyumbani, na sisi tukangoja naye, wali ukipoa.

"Hukuniamini," nikamwambia.

"Kwa samaki nakuamini, Baba Swaleh. Lakini mimi si nguru."

Mama Kioko akageuka upande wa jiko. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Na hiki nilichokiua?" nikauliza.

"Kilikuwa cha mwisho mwisho. Kimebaki sindano moja tu. Nilitaka kuona utafanyaje."

Sikula. Walisema nile, nikasema nimeshiba soda.

Jumapili asubuhi Fatuma alijichoma sindano, akanywa chai kwa mandazi ya Mama Kadzo, akateremka chini kabisa korongoni akiwa amemshika mkono Mama Kioko. Nilitaka kumfuata, akaniambia nibaki niangalie barafu yangu. Nikaiangalia. Nguru alihitaji mpaka adhuhuri ndipo kisu kiingie, kwa hiyo mchana tulikula mayai na nyanya na jibini, vyote kutoka katika kasha la magurudumu, vyote baridi kama vinavyotakiwa kuwa, hakuna kilichopasuka. Nilimwona Mutua akilisogeza kasha kivulini. Nikasimama nikamshikia upande mmoja.

Jumatatu, kabla ya kuondoka, nilizibua friji, nikamwaga maji ya chumvi mbali na mikorosho. Mutua alikuja kunisaidia kuliinamisha.

"Mwalimu," nikamwuliza, "ulijua?"

"Tangu Alhamisi, mzee. Bi Fatuma alikileta kichupa jioni ile ile, ulipoenda kutafuta friji."

"Nikakutukana kutoka Sabaki mpaka hapa, na wewe unajua."

"Ndiyo."

"Mbona ulinyamaza?"

Akafikiri, jinsi wanavyofikiri walimu kabla ya kumjibu mtoto mgumu. "Mama alituomba tukuache ufurahie barafu yako. Alisema ni miaka mingi hujapata pa kuionyesha."

Ningependelea anitukane. Nilikwishazoea kuwadharau watu waliojitetea. Huyu alikuwa amebeba kejeli zangu siku nzima na dawa ya mke wangu chini ya blanketi, na gari lake likiliwa na chumvi yangu. Nikamwambia tutaliosha gari tukifika. Akasema hakuna haja, nikasema ipo. Tulipofika Barani nililiosha mwenyewe mara mbili, chini mpaka juu, na mpaka leo nikiona doa kwenye bodi ile nageuza uso.

Njiani kurudi niliketi mbele, Fatuma akiwa katikati yangu na Mutua. Mama Kioko alisema safari hii upepo wa nyuma ni wake. Tulipokaribia Mambrui, Fatuma alimwuliza Mutua yale makasha yanauzwa wapi, kama yapo madogo ya kubeba mkononi. Mutua akamweleza. Mimi nikauliza la nini.

"Wiki ijayo naenda Lamu kwa dada yangu," akasema.

"Lamu? Na dawa je?"

"Dawa naijua."

"Barafu ya Lamu..."

"Miaka sita unaniambia barafu ya Lamu si barafu." Hakupandisha sauti. "Harusi mbili zimenipita. Mume wa dada yangu amezikwa sipo. Kila mara nilipotaja safari ulisema huko hakuna anayejua kuhifadhi kitu baridi, na mimi nikasema mume wangu anajua zaidi, hii ndiyo kazi yake. Kumbe kikopo na taulo."

Mutua alitazama barabara kama mtu anayefanya mtihani. Nilitaka kusema kwamba nilimzuia kwa mapenzi, na ni kweli ilikuwa kwa mapenzi, lakini maneno hayo nilipoyaweka kinywani niliyaona hayana ladha. Nikasema nitamfungia mzigo mwenyewe, safari hii bila chumvi. Akasema la, wewe kaa.

Alikwenda Jumanne ya wiki iliyofuata, kasha dogo jekundu begani. Ama kuhusu nilichojifunza, kwa kuwa msafiri akirudi huulizwa: nimejifunza kwamba nimeishi miaka sita na mtu aliyefungwa kwenye mlango wa friji, na kamba niliifunga mimi, kwa ufundi wangu wote. Sina la kuongeza hapo. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi wangu naona haya hata kuchechemea nao mbele za watu.

Jana nilimpigia simu. Ni siku ya kumi na tisa sasa. Nyuma yake nilisikia wanawake wanacheka na vyombo vinagongana. Nikamwuliza dawa inakaaje; akasema kichupa kimo ndani ya kikopo, kikopo kimo kwenye chungu cha maji cha dada yake, na nesi wa huko amekitazama na kusema vizuri sana. Nikamwambia nyumba imepoa bila yeye. Nikamwuliza anarudi lini.

"Sijui, Baba Swaleh," akasema. "Dawa bado iko baridi."